Tupeane uzoefu: Kampuni za simu na teknolojia hapa Mwanza, ni ipi inayomjali mfanyakazi wake?

Mwanzisha mada, Nyegezi

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina miaka minne na miezi miwili katika duka la huduma kwa wateja la kampuni moja ya simu hapa mjini, na wiki iliyopita mshindani wake ameniita. Mshahara wanaonitajia unazidi ninaoupata kwa shilingi 140,000 kwa mwezi, na kazi ni ileile: kurudisha laini zilizopotea, kufuatilia miamala iliyokwama, na kumsikiliza mzee aliyekuja kwa meli kutoka Nansio ambaye hawezi kurudi Ukerewe bila pesa aliyoituma kwa namba isiyo sahihi. Mume wangu anasema niende. Mama yangu amenikumbusha kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Hapa mjini tunazo Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas, ambayo hadi mwishoni mwa 2024 tuliijua kwa jina la Tigo, na kila moja imezungukwa na kampuni nyingine za minara, za kutandaza mkongo, za mauzo na za kutengeneza programu. Mteja anaujua ushindani wao kwa bei ya bando, lakini sisi tunaovaa fulana zao hatuna mahali pa kulinganisha yanayotuhusu. Naomba waliowahi kufanya kazi kwa mwajiri zaidi ya mmoja katika sekta hii waeleze walichokikuta. Pale mtakapoeleza ubaya, tafadhali msitaje jina la kampuni wala la mtu, kwa kuwa sitafuti wa kulaumiwa. Nataka kujua niangalie nini kabla sijaweka sahihi.

Mchangiaji wa Pasiansi

Dada, pole na mawazo. Mimi nimepanda minara kwa miaka 11, na katika muda huo nimekuwa na waajiri watatu bila kuhama mnara. Uko juu ya kilima upande wa Sengerema, na ninaujua kila ngazi.

Nilianza nikiwa fundi wa kampuni ya simu yenyewe. Kisha kampuni za simu nchini zikauza minara yao kwa kampuni za minara, kama vile Helios Towers, kwa sababu kumiliki vyuma, jenereta na walinzi ni mzigo mkubwa kwa anayeishi kwa kuuza maongezi na data, na mnara mmoja ukaanza kubeba antena za kampuni mbili au tatu zinazoshindana. Kwa hesabu za biashara jambo hilo linaeleweka. Kwetu mafundi lilimaanisha kwamba mtu aliyekuwa mwajiri wetu sasa alikuwa mpangaji, na matengenezo yakapewa wakandarasi, ambao nao waliwapa wakandarasi wadogo. Mimi niliangukia kwa mkandarasi mdogo.

Kwake tulikuwa mafundi wanne na mkanda mmoja wa usalama. Siku moja, nikiwa chini ya mnara najiandaa kupanda, niliupitisha mkononi kama nilivyofundishwa, nikakuta karibu na ndoano umeshonwa upya kwa uzi mweusi wa nailoni, ule unaotumiwa na mafundi viatu. Niliuliza, nikajibiwa kwamba mkanda mpya umeshaagizwa. Sikupanda siku hiyo, nikakatwa posho.

Mwajiri wangu wa tatu, ambaye ni mshindani wa huyo, ananilipa shilingi 60,000 pungufu. Kila mkanda wake una namba, na msimamizi anaikagua yote mwanzoni mwa mwezi huku sisi tukitazama. Niliwahi kumwona akikuta mmoja uliochakaa pembeni. Aliutandika mezani, akaukata vipande viwili kwa kisu, kisha akatupa vipande vyote, ili asitokee mtu wa kuuokota na kuupandia. Hapo ndipo nilipoacha kuzihesabu zile elfu 60.

Kuna jambo la pili. Kabla Daraja la JP Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, ukiitwa usiku kwa hitilafu ya upande wa pili ulikuwa unasubiri kivuko pale Kigongo, pengine hadi alfajiri. Mwajiri wa kwanza alizihesabu saa hizo kuwa za kazi, lakini mkandarasi alisema tulikuwa tumelala ndani ya gari. Leo tunavuka Busisi kwa dakika chache na kivuko hakituhusu tena, ila nakushauri uwaulize hao wanaokuita: muda wa kungoja kwa ajili ya kazi ni wa nani?

Mchangiaji wa Mkolani

Nitaongelea upande wa mauzo, kwa kuwa huko ndiko vijana wengi wanakoanzia na ndiko tofauti kati ya kampuni na kampuni inakouma zaidi.

Mwishoni mwa 2019 nilikuwa nasimamia vijana waliokuwa wakisajili laini kwa alama za vidole. Mtakumbuka kwamba mwisho ulikuwa uwe tarehe 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na siku za mwisho foleni za Mlango Mmoja na Buzuruga zilianza kabla ya jua kuchomoza. Vijana walifanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi usiku, wakiwafuta akina mama wa mwaloni vidole kwa kitambaa chenye maji ya limao, kwa maana magamba ya dagaa na chumvi vilikuwa vimefanya mashine ikatae kusoma. Tulipofikisha lengo la mwezi tarehe 19, ofisi ilituma ujumbe kwamba lengo limepandishwa, na kwamba kamisheni ingelipwa kwa watakaofikia lengo jipya. Katika vijana wangu 14, walilipwa watatu.

Nilihamia kwa mshindani mwezi Machi. Kiwango chake cha kamisheni kwa kila laini kilikuwa kidogo zaidi, na nilipokiona kwa mara ya kwanza nilidhani nimekosea njia. Lakini kila tarehe mosi tulipewa karatasi yenye lengo, kiwango na siku ya malipo, ikiwa na sahihi ya meneja, na kwa miaka mitatu niliyokaa pale karatasi hiyo haikubadilishwa katikati ya mwezi hata mara moja. Mke wangu aliweza kupanga ada ya shule. Kwa hiyo, dada, hiyo 140,000 waliyokutajia uliza kama ni mshahara wa msingi au ni makadirio ya kamisheni waliyoyajumlisha ili ipendeze.

Mchangiaji wa Igoma

Nakazia hapo kwenye mshahara wa msingi. Kazini kwangu posho za nyumba, usafiri na chakula zilikuwa kubwa kuliko mshahara wenyewe, na nilipoachishwa kazi kiinua mgongo kilihesabiwa kwa ule mshahara wa msingi mdogo. Miaka sita, pesa ya kununulia baiskeli.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Nimepekua barua yao, imeandikwa "malipo ya jumla". Nitauliza. Je, kuna aliyepitia uzazi akiwa katika kampuni hizi? Sijaificha nia yangu ya kupata mtoto wa pili.

Mchangiaji wa Bwiru

Mimi nimepitia, mdogo wangu, na kwa waajiri wawili. Likizo ya uzazi ya kisheria ni siku 84 zenye malipo, au 100 ukijaliwa mapacha, na kampuni zote mbili zilinipa siku hizo bila ubishi. Tofauti niliikuta niliporudi. Kwa mwajiri wa kwanza lengo langu la mwaka lilibaki lilelile kana kwamba nilikuwa kazini miezi yote 12, nikawekwa katika kundi la waliofanya vibaya na kukosa bonasi. Kwa wa pili, lengo lilipunguzwa kwa kadiri ya miezi niliyokuwepo, na saa zangu mbili za kunyonyesha kwa siku ziliandikwa kwenye ratiba ya duka, hivyo sikulazimika kumwomba mtu kila siku. Waulize wafanyakazi wanawake wa huko, na usiridhike na jibu la anayekuajiri peke yake.

Mchangiaji wa Capri Point

Ninaandika programu, na nadhani mchango wangu utawafaa vijana wanaohitimu vyuo vyetu na kuambiwa kwamba ajira nzuri iko mtandaoni tu.

Nilianza katika kampuni ndogo ya hapa mjini iliyokuwa ikitengeneza programu za vyama vya akiba na mikopo. Tulikuwa watu saba katika vyumba viwili, umeme ukikatika tunahamia kibarazani na kompyuta zetu. Mshahara ulichelewa mara nyingi, ila mkurugenzi alitueleza sababu akiwa amesimama mbele yetu, na mchango wetu wa NSSF ulipelekwa hata katika miezi ambayo yeye mwenyewe hakujilipa. Mchango huo ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hatakiwi kulipa chini ya nusu yake.

Mwaka 2021 nilipata kazi ya kampuni ya nje kwa njia ya mtandao, nikilipwa kwa dola, karibu mara tatu ya nilichozoea. Mkataba uliniita mtoa huduma, si mwajiriwa, na sikulitilia maanani neno hilo. Sikuwa na likizo yenye malipo, bima wala hifadhi ya jamii. Kisha ikafika ile miezi ambayo kampuni kubwa za Marekani zilipunguza watu, Meta ikitangaza kuwaondoa 11,000 Novemba 2022 na Google 12,000 Januari 2023, na ndogo zikafuata mkondo huohuo. Asubuhi moja niliwasha kompyuta, nenosiri langu likakataliwa. Nilidhani ni mtandao. Nilizima ruta, nikaiwasha tena, nikajaribu mara ya tatu, ndipo nikafungua barua pepe yangu binafsi kwenye simu na kukuta mistari minne. Hapakuwa na taarifa ya siku 28, wala ofisi ya kuendea, wala mtu wa kumpeleka kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa sababu kisheria sikuwa nimeajiriwa na yeyote.

Sisemi kazi za nje ni mbaya, kwani nyumba ninayoishi nimeijenga kwa pesa hiyo. Ninachosema ni kwamba anayelinganisha dola na shilingi atoe kwanza bima, akiba ya uzeeni, likizo na miezi mitatu ya kukaa bila kazi, ndipo apime kilichobaki.

Mchangiaji wa Kirumba

Nilikuwa afisa rasilimali watu katika sekta hii kwa muda mrefu, na nimestaafu. Binti yangu, yote waliyokueleza ni kweli, ila kuna jambo ambalo anayehama kwa mshindani mara nyingi halioni hadi limpate: ukiacha kazi kwa hiari, unaanza upya.

Kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapokuachisha, wala si pale unapojiuzulu. Kwa mwajiri mpya, katika miezi sita ya mwanzo kinga ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu. Namba yako ya NSSF unakwenda nayo, hiyo haipotei. Kwa hiyo 140,000 ni bei ya kuacha ulinzi wa miaka minne, na wewe ndiye wa kuamua kama bei hiyo inatosha.

Angalia pia jina lililo juu ya mkataba. Mara nyingi niliona vijana wawili katika duka moja, fulana moja, meza zinazogusana, mmoja akiwa na mkataba wa kampuni na mwingine wa wakala aliyemleta. Wa kwanza alikuwa na bima ya familia na wa pili alikuwa akichangiwa na wenzake akilazwa. Tofauti hiyo kati ya meza na meza ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote niliyowahi kuiona kati ya kampuni na mshindani wake.

Na nikiri jambo moja ambalo limenikaa moyoni. Niliwahi kuhudhuria kikao ambamo wakubwa wa kampuni mbili zinazoshindana waliafikiana kwa mdomo kwamba "tusichukuliane watu". Nilinyamaza, nikidhani ni ustaarabu. Baadaye nilisoma kwamba huko Marekani Apple, Google, Intel na Adobe walishtakiwa na wafanyakazi wao kwa makubaliano ya aina hiyo na wakalipa dola milioni 415 katika suluhu iliyoidhinishwa mwaka 2015, kwa hoja kwamba makubaliano hayo yalizuia mishahara yao kupanda. Nilifikiria vijana niliowajibu kwamba hakuna nafasi, ilhali nafasi ilikuwepo. Mshindani anapokuita waziwazi kama ulivyoitwa, hiyo ni haki yako, na hata usipokwenda unaweza kuipeleka barua hiyo kwa mwajiri wako na kuzungumza naye upya.

Mwanzisha mada

Nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Niliwapigia simu siku ya Jumanne nikiwa na maswali yenu kwenye karatasi. Mkataba ni wa wakala, wa mwaka mmoja. Mshahara wa msingi ni mdogo kuliko wa sasa kwa shilingi 85,000, na kilichobaki ni kamisheni ambayo, walivyosema, "utaielewa ukishaanza". Nilipouliza kuhusu malengo ya mfanyakazi aliye likizo ya uzazi, dada wa upande wa pili alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye ni wa wakala.

Jana nilimwonyesha meneja wangu barua yao, kama mzee wa Kirumba alivyonielekeza. Ameniahidi jibu kufikia mwisho wa mwezi, nami nimemwomba, kwa heshima, aliweke kwa maandishi.