Harusi ya tarehe 30 Agosti na mechi ya Ohio State: naomba ushauri

Ndugu zangu wa Columbus, salamu kwenu nyote.

Familia yetu ilihamia hapa kutoka Nairobi mwezi wa Februari mwaka huu wa 2025. Binti wa kaka yangu anaolewa, nasi tumepata ukumbi wa bei nafuu karibu na barabara ya Lane kwa Jumamosi, tarehe 30 Agosti. Kila ninayemtajia tarehe hiyo kazini anashtuka na kuniambia kuwa siku hiyo kuna mpira wa Kimarekani, timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State inacheza. Naomba mwenye kuifahamu hali hii anieleze kama kweli mchezo wa wanafunzi unaweza kuvuruga harusi, maana natakiwa kulipa malipo ya awali ya ukumbi wiki hii.

Dada wa Nairobi

*

Dada yangu, hongera kwa shughuli iliyo mbele yenu, na tafadhali usilipe kwanza.

Nimebeba abiria katika jiji hili kwa miaka 11, na nakuambia kwa uhakika kuwa Jumamosi ya mechi ya nyumbani si siku ya kufanya shughuli karibu na chuo. Uwanja wa Ohio State, uliofunguliwa mwaka 1922 kando ya mto Olentangy, unaingiza watazamaji zaidi ya 102,000, na maelfu ya wengine huja kukaa nje tu, wakichoma nyama kwenye maegesho tangu alfajiri. Lane ndiyo njia yao. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliegesha gari kwenye kichochoro ambacho siku nyingine huwa hakina neno, nikaingia kumwona mgonjwa, na nilipotoka nikakuta limevutwa. Kulikomboa kulinigharimu mapato ya siku mbili.

Tarehe uliyoitaja ina uzito wake peke yake. Ni mechi ya ufunguzi wa msimu, inaanza saa sita mchana, na mgeni ni timu ya Chuo Kikuu cha Texas. Ili uelewe kwa nini watu wanashtuka, sina budi kukusimulia msimu uliopita, kwa kuwa jirani zako watauzungumzia kwa miaka mingi.

Timu ilianza vizuri, ikafungwa na Oregon ugenini kwa pointi moja tu, 32 kwa 31, kisha ikaendelea kushinda hadi tarehe 30 Novemba 2024, walipokuja Michigan. Hao ndio mahasimu wa jadi. Wiki ya mechi hiyo wanafunzi huziba kila herufi M kwenye mabango ya chuo. Kila mtu aliamini kuwa safari hii Ohio State ingeshinda, kwani ilikuwa imefungwa na Michigan mara tatu mfululizo. Ikafungwa mara ya nne, 13 kwa 10, nyumbani kwake, na wachezaji wakapigana katikati ya uwanja hadi askari wakapuliza dawa ya pilipili. Mzee jirani yangu, ambaye kila Jumamosi hutundika bendera nyekundu barazani, aliishusha jioni ile, akaikunja mara nne kama mtu anayekunja shuka la msiba, akaingia ndani bila kuniitikia salamu. Sikumlaumu. Nilikwisha kuliona jiji hili kwa muda wa kutosha kujua kuwa jambo hilo kwao si mchezo.

Watu wengi walitaka kocha Ryan Day aondoke. Lakini huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa mtoano wa timu 12, na Ohio State ikaingia ikiwa ya nane. Tarehe 21 Desemba, usiku wa baridi kali, iliilaza Tennessee hapa hapa nyumbani, 42 kwa 17. Siku ya mwaka mpya ikalipa kisasi kwa Oregon, 41 kwa 21. Ndipo ikakutana na Texas. Ohio State ikiongoza 21 kwa 14, Texas walifika yadi moja tu kutoka mstari wa mwisho, wakarudishwa nyuma, na katika jaribio lao la nne na la mwisho Jack Sawyer wa Ohio State akampokonya mpira mrushaji wao Quinn Ewers, ambaye waliwahi kuishi chumba kimoja chuoni hapa, akakimbia nao yadi 83 hadi upande wa pili. Sasa Texas hao hao ndio wanaokuja siku ya harusi yenu, nao hawajasahau.

Fainali ilichezwa Atlanta tarehe 20 Januari. Notre Dame walikuwa wamepunguza pengo hadi 31 kwa 23, na zikiwa zimebaki dakika chache Will Howard wa Ohio State akarusha mpira mrefu, kijana wa mwaka wa kwanza Jeremiah Smith akaudaka baada ya yadi 56. Ikaisha 34 kwa 23. Ubingwa huo ulikuwa wa kwanza tangu msimu wa 2014. Karibu saa sita usiku mzee jirani alinigongea mlango, bendera ikiwa mkononi, akaniomba nimshikie ngazi aitundike tena. Tangu siku hiyo ananiita kwa jina langu.

Ushauri wangu ni kwamba msogeze shughuli hadi Jumapili, tarehe 31. Jumatatu yake ni sikukuu ya wafanyakazi, hivyo wageni wa mbali hawatakimbilia kazini.

Dereva wenu

*

Kaka yangu, Mungu akubariki. Mwenye ukumbi amekubali Jumapili kwa bei ile ile. Wageni wetu kutoka Minneapolis wanaokuja kwa ndege nimewaomba wafike Alhamisi, maana hoteli zilizo karibu na chuo zimejaa Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo natafuta familia tatu za upande wa mashariki wa jiji zitakazoweza kuwalaza akina mama wanane kwa siku nne. Mwenye nafasi aniandikie, nitaleta magodoro mwenyewe.