Picha ya Gould: imepakwa rangi kwa mkono au ni nakala?

Swali: Wadau, nauziwa picha ya ndege mvumaji, inasemekana ni ya John Gould, Mwingereza aliyechapisha vitabu vya picha za ndege karne ya 19. Pembeni haina alama ya bamba, yaani mbonyeo unaoachwa na bamba la kuchapia. Ni feki?

Jibu 1: Hilo si kosa. Gould alichapa kwa litografia, yaani juu ya jiwe. Mbonyeo pembeni huachwa na bamba la shaba, kama kwenye zile picha 435 za ndege za Audubon, mchoraji wa Marekani (1827–1838). Chukua kioo cha kukuza mara 10, tazama bawa. Ukiona vidoti vya rangi vimejipanga safu, ni ofseti, yaani nakala ya mashine ya kisasa, mrudishie mwenyewe. Halisi ina mistari yenye chembechembe kama ya kalamu ya nta, na rangi imelala juu yake, pengine imevuka ukingo kidogo.

Jibu 2: Usisahau koo. Wavumaji wengi wa Gould waliwekewa dhahabu nyembamba chini ya rangi angavu. Inamishe karatasi kwenye mwanga wa pembeni, uone kama mng'ao unahama. Ila rangi iliyopakwa juzi kwenye chapa ya zamani nayo hupita kipimo cha kioo, na huo ndio mtego mkubwa.

Muulizaji: Na weupe wa kifuani umekuwa kijivu?

Jibu 2: Huenda ni rangi nyeupe ya madini ya risasi iliyokutana na salfa ya hewani. Usiguse kwa kitambaa chenye maji. Rangi imeshikwa na gundi ya mgunga, itayeyuka. Mpelekee mhifadhi wa karatasi.