Mrejesho: deki moja ya CD au vifaa viwili?

Wakuu, niliwauliza kama kwa CD zangu za taarab na rumba ninunue deki moja iliyokamilika, au nitenganishe: kifaa kimoja cha kusoma diski na kingine, DAC, cha kugeuza namba kuwa sauti. Wengi mlisema deki moja inatosha. Nimetenganisha, na nimeridhika.

Kilichoniamulia ni leza inayosoma diski. Deki yangu ya zamani ilianza kurukaruka, fundi akasema leza imechoka na nyingine ya aina hiyo haipatikani. Kifaa kinachozungusha diski kikifa tena, nitabadilisha hicho tu. DAC itabaki, na sasa inatumika na televisheni pia.

Wiki ya kwanza ilinikatisha tamaa. Spika zilivuma hata muziki ukisimama. Kumbe umeme ulikuwa unazunguka kupitia waya wa koaksia kati ya vifaa vyenye ethi (waya wa ardhini). Nikaweka waya wa optiki, unaopitisha mwanga badala ya umeme, mvumo ukakatika palepale. CD ina sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 za biti 16 kila sekunde, kwa kila upande wa sauti, kushoto na kulia. Waya wa bei ya kawaida unabeba namba hizo bila shida, msikubali kuuziwa wa gharama.

Sauti? Tofauti na deki niliyoazima kwa jirani ni ndogo sana. Nilichokisikia waziwazi ni pale niliposogeza spika mbali na ukuta: besi ikatulia, ganuni ikasikika uzi kwa uzi. Uliyenishauri nianze na spika, asante sana.