Mji gani wa pwani ya Italia unamfaa mama anayetumia kiti cha magurudumu?

Mwana wa Dunga (Kisumu):
Hamjambo nyote. Dada yangu anaishi Bologna, naye ameomba wazazi wetu wamtembelee mwezi Juni, kisha tuende sote baharini kwa siku chache. Mama alipata kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wa kushoto. Anaweza kusimama na kupiga hatua chache akishikwa mkono, lakini mwendo wowote unaozidi urefu wa sebule anaufanya kwa kiti cha magurudumu cha kukunjwa kisicho na mota. Baba hutembea mwenyewe, ila ngazi zinamtesa magoti, naye hapendi kulikiri hilo mbele ya watu. Hatutakuwa na gari. Nimevutiwa na picha za Positano na za vijiji vitano vya Cinque Terre, lakini dada anasita bila kunieleza sababu. Tunatafuta mji mmoja wa kukaa, ili tusihamehame na mizigo. Mama ana ombi moja tu: maji ya bahari yamfike kiunoni, jambo ambalo halijawezekana tangu augue, kwa kuwa tulipompeleka Diani kiti kilikwama mchangani kabla hatujayakaribia maji.

Mama Shinyalu (Kakamega):
Mwanangu, dada yako ana haki ya kusita. Nilifanya kazi ya kutunza wazee katika mkoa huohuo wa Emilia-Romagna, na nisingempeleka Positano mtu yeyote wa kiti. Mji ule umejengwa kwenye ubavu wa mlima: nyumba zimepandana, vichochoro vingi ni ngazi tupu, ufuo wake ni wa changarawe, na treni haifiki. Cinque Terre treni inafika, lakini pale Corniglia, kutoka stesheni hadi kijijini kuna ngazi zaidi ya 350. Kati ya vile vitano, Monterosso ndicho chenye tambarare na mchanga wa maana.

Angalieni upande wa pili wa nchi, kwenye bahari ya Adriatiki. Mimi ningechagua Rimini, tena bila kusitasita. Kutoka Bologna ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni, na kutoka stesheni hadi ufuoni ni kama kilomita moja ya ardhi tambarare. Ufuo ni wa mchanga, una urefu wa kilomita zipatazo 15, na umegawanywa katika sehemu zenye namba zinazoitwa bagno, kila moja ikiwa na mwenyewe anayekodisha miavuli na vitanda. Kati ya miavuli hupita njia ngumu ya mbao au ya saruji inayoelekea majini. Sheria ya Italia namba 104 ya mwaka 1992 inataka wenye vibali vya kuendesha sehemu hizo wahakikishe kwamba watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia na kuifikia bahari. Utekelezaji, kama mjuavyo, hutegemea mwenye mahali, kwa hiyo msilipie chochote kabla ya kuuliza mambo mawili: njia inaishia umbali gani kutoka majini, na kama wana kiti cha baharini. Kiti hicho, ambacho wengi hukiita sedia Job, kina magurudumu manene yaliyojazwa upepo. Hakizami mchangani, na mtu huingizwa nacho majini akiwa ameketi. Kwa kuwa bahari ya pale ni ya kina kifupi kwa masafa marefu, mama yenu ataketi maji yakiwa kiunoni huku ninyi mnaomshika yakiwafika magotini tu.

Nendeni Juni au Septemba. Katikati ya Agosti Waitaliano wenyewe huwa likizo na hamtapata pa kupitisha kiti. Kabla ya mwisho wa Mei, njia nyingi za ufuoni huwa bado hazijatandazwa.

Mganga wa Viungo (Nakuru):
Naunga mkono Rimini, lakini naomba mtilie maanani chumba kuliko mji, kwa sababu wagonjwa wangu wengi wanaosafiri huharibikiwa bafuni. Hoteli ikijibu kwamba inapokea watu wa viti vya magurudumu, huenda inamaanisha tu kwamba ina lifti, na lifti yenyewe ikaanzia juu ya vidato vitatu vya mlangoni. Pimeni kiti cha mama kutoka ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi wa lingine, ongezeni nafasi ya vidole vya anayesukuma, kisha mwandikie hoteli mkitaja sentimita hizo. Waulizeni upana wa mlango wa lifti, wa chumba na wa bafu, na kama sehemu ya kuogea ina kizingiti.

Jambo ambalo watu wa kwetu hawalitarajii ni bide, lile beseni la kujisafishia linalowekwa kando ya choo karibu katika kila bafu la Italia. Mama yenu ana nguvu upande wa kulia. Anapoketi chooni, chuma cha kushikilia kinapaswa kuwa kulia kwake. Bide ikiwa imekaa upande huo, chumba hicho hakimfai hata kama milango yake ni mipana. Ombeni picha ya bafu iliyopigwa kutoka mlangoni.

Kuhusu maji, Adriatiki mwezi Juni ni baridi kuliko bahari ya Mombasa, na baridi hukaza misuli iliyoathiriwa na kiharusi. Afadhali mwende mwishoni mwa mwezi, mchana jua likiwa limeyapasha maji ya kina kifupi, baada ya daktari wake kuridhika na shinikizo la damu.

Msafiri wa Bungoma:
Mbona hakuna aliyetaja Lido ya Venezia? Ni kisiwa tambarare chenye mabasi na ufuo wa mchanga, na kutoka pale boti za abiria hufika San Marco, katikati ya Venezia, kwa muda mfupi, tena viti vya magurudumu vinapanda. Mama angeiona Venezia.

Mama Shinyalu (Kakamega):
Ni kweli, na kwa siku mbili ni raha. Lakini ukishuka botini Venezia, madaraja mengi ni ya ngazi, kwa hiyo mtaishia kwenye vipande vilevile vinavyofikika, na baba mwenye magoti mabaya hatasema kitu hadi usiku. Rimini mji wa kale nao ni tambarare: daraja la Tiberio la enzi za Warumi, lililokamilika mwaka 21 baada ya Kristo, bado linapitika, na tao la Augusto liko mtaani, halina kiingilio. Jihadharini tu na mawe ya barabarani, yanatikisa magurudumu madogo ya mbele.

Mwana wa Dunga (Kisumu):
Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimekwisha kumwandikia dada kuhusu Rimini. Na safari yenyewe, kutoka Kisumu hadi huko?

Mganga wa Viungo (Nakuru):
Tafuteni ndege inayotua Bologna kwenyewe. Zipo zinazopitia Istanbul au Dubai. Liarifuni shirika la ndege mahitaji ya mama angalau saa 48 kabla, kwa kila kipande cha safari, kikiwemo kile cha Kisumu hadi Nairobi. Katika viwanja vya Umoja wa Ulaya msaada huo ni bure kwa mujibu wa kanuni namba 1107 ya mwaka 2006. Kwa treni, dada yenu aombe mapema msaada wa Sala Blu, huduma ya stesheni kwa abiria wenye ulemavu, nao ni bure. Treni za zamani zina vidato, na kiti hupandishwa kwa jukwaa la kuinulia. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, basi msingoje Mei.