Msaada: prosesa na vifaa vya kompyuta ya gemu, bajeti 1,300,000, nipo Arusha

Mwana_Sakina
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nataka kuunga kompyuta ya mezani kwa ajili ya gemu, bajeti ni sh 1,300,000. Monita ipo (1080p, 75Hz), kibodi na mausi vipo. Gemu zenyewe ni eFootball, GTA V na Valorant, basi. Nipo Sakina, na kuanzia saa moja jioni umeme unashuka mpaka taa zinafifia.

Nimeona njia tatu: Ryzen 5 5600G bila kadi ya grafiki, Core i3-12100F na kadi ya mtumba, au Dell OptiPlex ya ofisi yenye i5-6500 niichomeke GTX 1650. Ipi nishike, na kila moja inakwamia wapi?

KijengeJuu
Mkuu, anza kwa kuifuta hiyo OptiPlex. i5-6500 ni ya mwaka 2015, viini 4 na nyuzi 4 tu (yaani kazi 4 kwa wakati mmoja). GTA V ya mtandaoni inaimaliza yote, na prosesa ikigota asilimia 100 gemu inaanza kukwamakwama hata kama namba ya fremu inaonekana nzuri. Halafu Windows 11 rasmi inaanzia Core za kizazi cha 8, hiyo ni ya 6, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant ndani ya Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (vipengele vya usalama vya kompyuta) viwe vimewashwa. Kimoja kikikosekana, haifunguki.

Boksi lenyewe nalo ni mtego. Zile nyembamba zinapokea kadi za kimo kifupi tu, pawa saplai yake ni W 180, na plagi inayoingia kwenye mazabodi (ubao mkuu) ni ya Dell wenyewe, siyo ile ya kawaida ya pini 24. Siku ikiungua huwezi kuingia duka lolote mjini ukatoka na nyingine. Kama lazima iwe ya ofisi, tafuta boksi refu lenye i5-8500 (viini 6), na GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa umeme. Hiyo inajitosheleza kwa W 75 za kwenye sloti.

PasuaMoshi
Naungana na Kijenge. Zibaki mbili za kwanza, na mimi naongeza ya nne ambayo ndiyo ningeshika: Ryzen 5 5600 ya kawaida, isiyo na G.

Watu wanadhani G ni 5600 iliyoongezewa picha. Siyo. 5600G ina kashe ya L3 (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 16, 5600 ina MB 32, na kashe hiyo kwenye gemu inaonekana kabisa. Tena 5600G inaishia PCIe 3.0 (PCIe ni njia inayounganisha kadi na prosesa). Faida yake ni moja: unacheza leo bila kadi. eFootball na Valorant itazibeba kwa 1080p ukishusha mipangilio, GTA V pia kwa mipangilio ya chini au ya kati. Lakini picha zake zinakula RAM ya kompyuta, kwa hiyo ukiweka RAM moja ya GB 16 badala ya mbili za GB 8, umeibana njia ya data nusu nzima na fremu zitaporomoka. Hapo ndipo wengi wanailaumu prosesa bure.

i3-12100F siyo mbaya hata kidogo, viini 4, nyuzi 8, na kila kiini kina kasi. Ila hiyo herufi F maana yake haina picha ya kwake. Ukichomeka waya wa HDMI kwenye mazabodi utaona giza na kudhani umeuziwa kifaa kibovu. Waya unachomekwa kwenye kadi. 5600 nayo ni hivyo hivyo.

Mgawo wangu: 5600, mazabodi ya B450 au B550, RAM mbili za GB 8 DDR4-3200, SSD ya NVMe (diski ya kasi) ya GB 500, na karibu theluthi ya hela yote iende kwenye kadi. RX 6600 ya GB 8 ukiipata ya mtumba ni chaguo la kwanza. Isipofikika, GTX 1660 Super ya GB 6. Kaa mbali na RX 6400 kwenye B450: inatumia njia 4 tu za PCIe, na kwenye 3.0 inabanwa vibaya. RX 6600 ina njia 8, haitakusumbua. Hela ikigoma kabisa kufikia kadi, chukua 5600G na hizo RAM mbili, kadi itafuata.

FundiUmeme_Njiro
Ndugu yangu, prosesa mmeshaimaliza, mimi nakuomba uangalie pawa saplai maana ndiyo inayoua vingine vyote.

Usisome namba kubwa ya kwenye stika. Geuza boksi, tafuta safu ya +12V, zidisha volti kwa ampia. Ukikuta imeandikwa 500W lakini +12V ni 16A, hiyo ni W 192 tu, na kadi na prosesa vinakula humo humo. Ya kweli ya 550W huwa na kama 45A. Mashine yako: RX 6600 W 132, prosesa kama 76 ikiwa imebanwa, vingine weka 50. Jumla kama W 260. Kwa hiyo 550W ya 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme mwingi) inatosha, na ile feki itazima katikati ya mechi au itaondoka na mazabodi.

Tafuta iliyoandikwa 100-240V. Hiyo inavumilia umeme wa Sakina ukishuka. Ukikuta ina swichi nyekundu nyuma, hakikisha inasoma 230. Ikiwa 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu, inalipuka hapo hapo.

AVS (kifaa cha kukata umeme usio sawa) ni nzuri umeme unaporudi kwa kishindo, maana inasubiri kwanza ndipo iruhusu. Ila haipandishi umeme uliofifia, inakata tu. Ukitaka mashine isizime kila jioni, weka UPS (ina betri ndani), ya 1000VA au zaidi, na usome W zake: nyingi za 1000VA ni W 600 tu.

Ngarenaro_GPU
Kwenye kadi ya mtumba usitoe hela bila kuiona inafanya kazi. Fungua GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi), ikigundua kadi ya zamani iliyobadilishwa jina, inaandika FAKE mbele ya jina. Ukipewa RX 580, soma shaders (vichakataji vidogo vya kadi): 2304 ndiyo kamili, 2048 ni dhaifu na bei ishuke. Kisha FurMark (programu ya kuibana kadi) dakika 15, macho kwenye joto na sikio kwenye feni. Vidoti vya rangi au mistari ikitokea, irudishe kwa mwenyewe. Na mzigo wa Kariakoo ukiuagiza kwa basi, kadi isafiri nje ya kesi. Ikining'inia kwenye sloti njia nzima inakuja imevunja mazabodi.

Mwana_Sakina
Asanteni sana wakuu. Nimepata 5600 na B450 mpya madukani mjini. Muuzaji anasema vinaendana bila shaka. Nichukue? Na kufunga nifunge mwenyewe?

PasuaMoshi
Vinaendana kama baiosi (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) ni mpya. B450 ilitoka kabla ya Ryzen 5000, na yenye baiosi ya zamani itawasha feni, skrini ibaki nyeusi. Mwambie aiwashe mbele yako ikiwa na hiyo 5600 na kadi yoyote. Uliza pia kama 5600 ni ya boksi, maana ya boksi inakuja na feni yake; ya trei (inayouzwa bila boksi) haina. Dai risiti ya EFD, bila hiyo warantii ni maneno.

Kufunga unaweza. Feni ya boksi ina skrubu nne zenye springi: fungua kwanza vile vishikio viwili vya plastiki vya mazabodi, ukiwa umeshikilia bamba la nyuma lisidondoke. Kaza kwa msalaba, kila skrubu mizunguko michache, siyo moja mpaka mwisho. Pesti ya kupitisha joto ipo tayari chini ya feni, usiongeze. RAM ziweke sloti ya pili na ya nne (kama zipo nne) kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uingie baiosi uwashe XMP (mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili), la sivyo RAM nyingi za 3200 zitatembea 2133 au 2400.

Washa kwanza nje ya kesi, juu ya katoni la mazabodi. Ikionyesha picha ndipo uingize ndani.

KijengeJuu
Nyongeza ya vumbi: chukua kesi yenye chujio mbele, na kila baada ya miezi miwili lipulizie. Wakati wa kupuliza, zuia feni kwa kidole isizunguke, ikizunguka kwa kasi ya upepo inajiharibu yenyewe. Na ukimaliza kuweka Windows, ingia mipangilio ya skrini uchague 75Hz, mara nyingi inabaki 60.