Naomba ushauri: ng'ombe anakohoa, kipimo cha ngozi kimetuacha katikati

Wandugu wafugaji na waganga wa mifugo, jambo kwenu. Niko Goma, ng'ombe wetu wako upande wa Masisi. Mmoja, aliyezaa juzi juzi, anakohoa na kukonda ijapokuwa anakula vizuri. Dawa ya minyoo amepewa, antibiotiki pia; kikohozi kiko palepale.

Veterineri alimchoma tuberkulini (sindano ya kupima kifua kikuu) shingoni, akarudi kupima baada ya saa 72 (na barabara ile, mvua ikinyesha, kurudi ni kazi). Ngozi imeongezeka milimita 3, bila majimaji wala maumivu. Kwa sindano moja, 4 na zaidi ni mgonjwa, 2 kushuka ni mzima. Sasa huyu tumwite nani? Nasikia ng'ombe aliyetoka kuzaa anaweza kuficha ugonjwa kwenye kipimo, na kurudia kunataka siku 42 au zaidi.

Maziwa yake tunachemsha, fromaji tumesimamisha. Ndama bado ananyonya.

Tukirudia, tuchome tuberkulini ya ndege (ya kifua kikuu cha ndege) pembeni ya ile ya ng'ombe, tulinganishe? Na wakati wa kungoja, ndama tumtenge na mama yake, ao wote wawili tuwatoe kwenye kundi?