Nimepewa siku 7 nijieleze kwa kuandika kuhusu geti ya chuo, nijibu aje?

Chokaa_na_Ubao (Kisumu)
Wadau habari za jioni. Mimi ni lekcha kwa taasisi moja huku Kisumu, jina sitaji, huu ni mwaka wangu wa tisa. Tangu mwaka jana kila mwisho wa mwezi naandika ukurasa mmoja ama miwili juu ya vile mambo yanaendeshwa pale, naweka jina langu chini natuma kwa grupu ya wafanyakazi, anayetaka kusambaza asambaze. Hakuna matusi. Ya juzi ndio imenichomea. Niliandika kuhusu geti mpya. Ni ile ya mota, taa tatu juu na kibao cha mawe chenye jina la mkuu wetu, na mpaka leo inafunguka upande mmoja tu, mota ya kushoto ilikataa wiki ya kwanza so askari wanauvuta huo upande na kamba. Sasa mwezi ule inazinduliwa nilikuwa nimeenda Sacco kuomba mkopo wa karo, msichana wa dirishani akanigeuzia skrini nijionee mwenyewe: michango ya miezi mitano haijafika. Na peislipu zangu zote tano zinaonyesha nimekatwa! Nikaweka hizo vitu mbili pamoja, geti na peislipu, nikauliza pesa yetu iko wapi.

Jumatatu HR wakanipa barua. Nijieleze ndani ya siku 7 kwa nini nisichukuliwe hatua kwa "kuaibisha taasisi na kumkosea heshima mkuu". Jamaa mmoja wa utawala akanivuta kando akaniambia mwalimu omba tu msamaha yaishe. Mke wangu pia anasema hivyo. Niombe ama nijibu?

WaKondele
Omera kama ni geti ile nafikiria, sisi wa boda tunapitia ile shimo ya fensi, iko haraka kuliko kungoja kamba 😂

Section58 (Nakuru)
Usiombe msamaha kwa maandishi. Ukiandika "naomba radhi" hiyo karatasi ndio watasoma kwanza siku ya kikao. Lakini jibu, tena kabla siku zao ziishe, watu wengi wanapotezea hapo, wanakasirika wananyamaza halafu inaandikwa alikataa kujibu.

Katiba kifungu 33 inataja uhuru wa taaluma wazi wazi, ila soma pia 33(3), heshima na jina la mtu mwingine lazima ulinde. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu 41 inasema hawawezi kukufuta kwa kosa la nidhamu bila kukueleza sababu kwa lugha unaelewa na kukusikiliza, na una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako ama mtu wa chama cha wafanyakazi. Usiingie peke yako hata kama wanakuambia ni chai tu. Ile ya Sacco nayo iko kifungu 19, mwajiri akishakata lazima apeleke, so wewe ndio ulikuwa unauliza swali la kisheria. Wakikufuta kimakosa una miaka 3 ya kwenda korti ya kazi, iko hapo Kisumu na hata huku kwetu, na fidia inaweza fika mshahara wa miezi 12.

Na mtu asikutishie polisi ati umemchafulia mkuu jina. Ile sheria ya kashfa kama jinai Mahakama Kuu iliitupa 2017. Imebaki kesi ya madai, na huko ukweli wenye ushahidi ndio ngao yako. Hizo peislipu ziko wapi saa hii?

Mama_Amalemba (Kakamega)
Nitawaudhi lakini wacha niseme. Nimekaa ofisi za utawala wa chuo miaka mingi. Pesa ya serikali inakuja imechelewa na haijatimia, mkuu anaangalia iliyoko anasema walipeni kile cha kuingia mfukoni kwanza watu wasigome, makato yatangoja. Ndio maana unaona mshahara umeingia na Sacco inalia. Ni makosa, sikatai, na mimi ilinipata, wadhamini wangu wa mkopo walipigiwa simu mpaka nikaona haya kwenda kanisa. Lakini geti ni pesa ya maendeleo, ina kasma yake, yaani fungu lake kwa bajeti, bursa anayeshika pesa za chuo hawezi kuichota akalipe Sacco. Mwalimu ulipoziunganisha hizo mbili uliwapa mahali pa kukushikia, watakuambia hujui hesabu na watasahau swali lenyewe. Tenganisha. Uliza makato peke yake, geti peke yake.

Kile kibao cha mawe sasa sina wa kumtetea.

Mzee_wa_Chama (Bungoma)
Mulembe. Mama hapo juu amesema ukweli. Niongeze tu kwamba hii si ya Kenya peke yake. Kule Chicago State University, Marekani, walimu wawili walikuwa wanaanika mambo ya utawala wao hadharani. Novemba 2013 chuo kikawaandikia waache, na unajua walianzia wapi, ati mnatumia jina na nembo ya chuo bila ruhusa. 2014 walimu wakaenda korti, kesi ikavutana karibu miaka mitano, Januari 2019 chuo kikakubali kulipa dola 650,000. Huko wana katiba yao na mashirika ya kuwalipia mawakili, usitegemee hiyo. Lakini angalia mlango walioingilia, nembo! UNESCO nayo 1997 ilipitisha pendekezo kwamba mwalimu wa chuo ana haki ya kutoa maoni hata juu ya taasisi anayofanyia kazi. Liweke kwa jibu lako sentensi moja, usihubiri.

Halafu omba rekodi rasmi ya makato chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu. Wakikaa kimya nenda kwa Ombudsman, ile tume ya malalamiko juu ya ofisi za umma, wako na ofisi Kisumu.

Chokaa_na_Ubao
Asanteni sana. Mzee umenishtua, kusema ukweli mimi nilikuwa nabandika nembo ya chuo juu ya ukurasa, niliona inapendeza tu. Nimeitoa.

Mama nimekubali hiyo ya kasma, ilinikaa vibaya usiku wote lakini nimekubali.

Section58
Hiyo ya nembo usiitaje kama hawajaitaja.

Chokaa_na_Ubao
Apdeti. Nimeipeleka leo saa nne, kurasa mbili, peislipu tano na stetimenti ya Sacco nyuma, hakuna msamaha na hakuna geti ndani. Sekretari alitaka kuipokea hivi hivi, nikasimama pale hadi akagonga muhuri kwa kopi yangu. Mtu wa chama atakuja na mimi siku ya kikao. Nikitoka askari akanivutia ile kamba, akaangalia nyuma, akaniuliza kama niko na kopi ingine, yake haijafika Sacco tangu Februari.

WaKondele
Mpee hata mbili